Sheikh Muhammad Abduh: Mtoro wa darasani aliyetaka falsafa irudi Al-Azhar

Kijana wa Afrika Mashariki anayekwenda Cairo leo kusoma Chuo Kikuu cha Al-Azhar hukuta huko vitivo vya tiba, uhandisi na kilimo kando ya vile vya sharia na misingi ya dini. Akitaka kusoma mawazo ya Ibn Sina au Ibn Rushd, atapata mwalimu wa kumsomesha. Miaka 150 iliyopita hali haikuwa hivyo. Mwalimu aliyefungua kitabu cha falsafa mbele ya wanafunzi aliweza kuitwa mzushi, na mwanafunzi aliyeuliza swali lililo nje ya kitabu alionekana amekosa adabu.

Miongoni mwa waliolipa gharama ya kubadili hali hiyo ni Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1899 hadi alipofariki mwaka 1905. Wengi wanamjua kwa fatwa zake na kwa ugomvi wake na wanazuoni wenzake. Makala hii inafuata upande mmoja wa maisha yake: jinsi alivyohangaika kuifundisha elimu ya kale ya Waislamu, hasa mantiki, falsafa na fani za lugha, ili imfae mtu anayeishi katika zama za treni, magazeti na simu ya waya. Mambo kadhaa yalimshinda. Hata hivyo, aliyoyapanda yaliendelea kukua baada yake, na matawi yake yalifika Mombasa na Zanzibar.

Mtoto wa Delta

Muhammad Abduh alizaliwa mwaka 1849 katika Delta ya Mto Nile, pale ambapo maji yanayoanza safari Jinja hugawanyika kabla ya kuingia Bahari ya Mediterania. Alikulia kijiji cha Mahallat Nasr, mkoa wa Buhaira. Baba yake alikuwa mkulima asiye tajiri wala fukara, mwenye heshima kijijini. Mtoto alifundishwa kusoma na kuandika nyumbani, kisha akahifadhi Qur'ani.

Mwaka 1862, akiwa na miaka 13, alipelekwa mji wa Tanta, kwenye Msikiti wa Ahmadi, penye kaburi la Sayyid Ahmad al-Badawi. Huko alikamilisha kanuni za kusoma Qur'ani, kisha akaanzishwa sarufi ya Kiarabu. Hapo ndipo tabu ilipoanza. Mwalimu alisoma matini fupi, akasoma sharhi ya ile matini, tena akasoma hashia, yaani maelezo yaliyoandikwa juu ya sharhi. Istilahi za sarufi zilimiminwa juu ya vichwa vya watoto ambao hawajaelezwa hata moja ina maana gani. Ukapita mwaka mmoja na nusu, na Muhammad hakuelewa kitu.

Akatoroka. Alijificha kwa wajomba zake hadi nduguye alipomkuta na kumrudisha Tanta. Haikusaidia. Kijana alikusanya nguo zake akarudi kijijini, akiwa ameamua kwamba elimu si riziki yake na kwamba atalima kama jamaa zake. Mwaka 1865, akiwa na miaka 16, akaoa.

Baba yake hakukubali. Siku chache baada ya harusi alimwamuru arudi Tanta. Muhammad aliondoka, lakini njiani akakata kona na kwenda kijiji kingine kwa jamaa za baba yake. Huko alikutana na mtu aliyegeuza maisha yake.

Sheikh Darwish na kitabu kilichotupwa

Mtu huyo alikuwa Sheikh Darwish Khadr, mjomba wa baba yake. Hakuwa mwanachuoni mkubwa. Alikuwa mkulima mcha Mungu aliyewahi kusafiri hadi Libya na kusoma huko kwa masheikh wa tarika ya Shadhiliya. Alimletea kijana kitabu cha barua za mmoja wa masheikh hao, akamwomba amsomee, kwa kuwa macho yake yalikuwa dhaifu. Muhammad, aliyekuwa amechukia vitabu vyote, alikitupa. Mzee akakiokota, akatabasamu, akamwomba tena kwa upole.

Kijana akasoma mistari michache. Mzee akamweleza maana ya kila neno kwa lugha ya kijijini, akasimama hapo, akamwacha aende akacheze na vijana wenzake kupanda farasi. Kesho yake wakasoma mistari mingine. Siku hazikufika nyingi, Muhammad akawa anawakwepa wenzake ili abaki na kitabu. Baada ya takriban wiki mbili alirudi Tanta, na safari hii alikwenda kwa hiari yake. Sarufi ile ile iliyomfukuza sasa akaielewa, hata wanafunzi wenzake wakawa wanakuja kwake awafafanulie.

Tukio hili dogo halikumtoka akilini. Tatizo la Tanta halikuwa ukale wa elimu, kwa sababu hata barua alizosomeshwa na mzee zilikuwa maneno ya masheikh waliotangulia. Tatizo lilikuwa kumtaka mtoto abebe maneno kabla ya kumwonyesha maana. Karibu kila alilolifanya baadaye katika kufundisha lilitokana na somo hilo.

Mwaka 1866 alihamia Cairo, akaingia Al-Azhar. Kila likizo alirudi kwa Sheikh Darwish, na kila mara mzee alimuuliza kama amesoma mantiki, hesabu na jiometri. Kijana alijibu kwamba masomo hayo ni nadra Al-Azhar. Mzee akamwambia mtafuta elimu haishindwi kuipata mahali popote. Muhammad akawa anamtafuta kila anayesemekana kuijua mantiki au hikima, akamwendea Sheikh Hasan al-Tawil, mmoja wa wachache waliokuwa na habari za falsafa.

Nyumba ya mgeni kutoka mashariki

Mwaka 1871 alifika Cairo Sayyid Jamal al-Din al-Afghani, msafiri aliyesoma falsafa kwa wanazuoni wa Uajemi na nchi za jirani, ambako mlolongo wa kufundisha hikima haukuwahi kukatika. Katika nchi za Kiarabu vitabu vya Ibn Sina vilikuwa vimebaki kwenye rafu. Huko mashariki viliendelea kusomeshwa, mwalimu kwa mwanafunzi, karne baada ya karne.

Al-Afghani hakufundisha msikitini. Alifundisha nyumbani kwake, na jioni alikaa kwenye mkahawa akiongea na vijana. Njia yake ilikuwa kulieleza jambo lenyewe kwanza hadi lieleweke, kisha ndipo afungue kitabu na kuonyesha wapi mwandishi amelisema, na wapi amepungukiwa. Kwa Muhammad Abduh hii ilikuwa njia ya Sheikh Darwish, ila sasa ilitumika kwa Ibn Sina.

Kijana akazama. Mwaka 1874 aliandika risala yake ya kwanza, yenye harufu ya tasawufi na falsafa. Muda mfupi baadaye akaandika maelezo juu ya kitabu cha al-Dawwani cha itikadi. Akaanza naye kuwasomesha wenzake. Habari zikamfikia Sheikh Illaysh, kiongozi wa Wamaliki wa Al-Azhar na mtu mkali, kwamba kuna mwanafunzi anayefufua mawazo ya Muutazila. Alimwita na kumhoji kama kweli ameacha mapokeo ya Ashari akashika ya Muutazila. Abduh alijibu kwamba ikiwa ameacha kumfuata mmoja bila hoja, hana sababu ya kumfuata mwingine bila hoja.

Jibu hilo lilikaribia kumgharimu. Mwaka 1877 alipoketi mbele ya jopo la mtihani wa kupata shahada ya ualimu, baadhi ya watahini walikuwa wameshaamua kumwangusha. Mkuu wa Al-Azhar, Sheikh al-Abbasi, alimtetea. Alipata shahada, lakini ya daraja la pili.

Darasa lake la kwanza

Alipoanza kufundisha, alichagua vitabu kwa makusudi. Nyumbani kwake aliwasomesha vijana kitabu cha maadili cha Miskawayh, mwanafalsafa wa karne ya 11, na kando yake akaweka tafsiri ya Kiarabu ya kitabu cha Mfaransa Guizot kuhusu historia ya ustaarabu wa Ulaya. Mwaka 1878 alipoteuliwa kufundisha historia katika chuo cha ualimu cha Dar al-Ulum, alifungua Muqaddima ya Ibn Khaldun, akawafundisha wanafunzi kuutazama umma wao kwa macho ya Ibn Khaldun: kwa nini dola huinuka, kwa nini hudhoofika, na Misri ya siku zile iko hatua gani.

Somo la namna hiyo lilikuwa la hatari. Misri ilikuwa imezama katika madeni, na wakaguzi wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wameshaketi kwenye hazina yake. Mwaka 1879 Khedive mpya, Tawfiq, alimfukuza al-Afghani nchini, na Abduh akaondolewa kazini na kuamriwa akae kijijini kwao.

Mwaka uliofuata aliitwa tena Cairo, akawa mhariri mkuu wa gazeti la serikali, al-Waqa'i al-Misriyya. Lilipozuka vuguvugu la Kanali Ahmad Urabi, mwanzoni alilitilia shaka, kwa sababu hakuamini kwamba wanajeshi wangeweza kuleta kile ambacho shule hazijaleta. Mambo yalipofikia kuvamiwa kwa nchi, aliungana nao. Waingereza waliiteka Misri Septemba 1882. Abduh alifungwa, kisha akahukumiwa kuhamishwa nchini kwa miaka mitatu.

Paris hadi Beirut

Alikwenda Beirut, na mwaka 1884 al-Afghani akamwita Paris. Wawili hao walitoa gazeti la al-Urwa al-Wuthqa, lililopinga ukoloni na kuwahimiza Waislamu kushikamana. Yalitoka matoleo 18 tu. Waingereza walilizuia lisiingie Misri na India, na gazeti likafa mwaka huo huo.

Hapa ndipo njia za mwalimu na mwanafunzi zilipoanza kutengana. Al-Afghani aliendelea kutafuta mtawala wa kubadili mambo kwa haraka. Abduh alifikia uamuzi kwamba bila kubadili namna watu wanavyofundishwa, kila mtawala mpya atakuwa kama aliyemtangulia. Alirudi Beirut mwaka 1885 akafundisha katika shule ya Sultaniyya.

Wanafunzi wake wa Beirut hawakuwa wanachuoni. Walikuwa vijana wa shule ya sekondari. Alipotakiwa kuwafundisha itikadi, aliona vitabu vilivyopo ama ni vifupi mno ama ni vigumu mno, akaamua kuwaandikisha maelezo yake mwenyewe. Kutokana na maelezo hayo kilitoka kitabu chake mashuhuri, Risalat al-Tawhid, alichokichapisha mwaka 1897. Kitabu hicho kidogo kinaanza kwa kueleza historia ya elimu ya itikadi yenyewe: nani walibishana, kwa nini, na lini mabishano yakageuka kurudiarudia. Msomaji anaonyeshwa kwamba mazoea mengi anayodhani ni dini yana tarehe na sababu zake.

Akiwa Beirut alihariri pia na kufafanua vitabu vya kale vya fasihi, ikiwemo Maqamat za Badi al-Zaman al-Hamadhani. Kwake yeye, mtu asiyeonja uzuri wa lugha hawezi kuonja wala kuielewa Qur'ani.

Jaji anayejifunza Kifaransa

Aliruhusiwa kurudi Misri mwaka 1888. Balozi mkuu wa Uingereza, Lord Cromer, aliyekuwa mtawala hasa wa nchi, alikuwa miongoni mwa waliomwombea msamaha. Jambo hili wapinzani wake hawakulisahau. Walimwona mtu aliyewahi kupigana na Waingereza kwa kalamu sasa anaishi chini ya kivuli chao. Yeye aliona kwamba wakoloni hawatatoka kesho, na kwamba muda uliopo utumike kuwaandaa Wamisri. Mabishano juu ya hesabu hiyo hayajakwisha hadi leo, na mtu mwadilifu anaweza kuona hoja pande zote mbili.

Tawfiq hakumruhusu kufundisha, akihofia atawaharibu vijana. Alimfanya jaji katika mahakama za mikoani, baadaye katika Mahakama ya Rufaa. Sheria zilizotumika katika mahakama hizo zilitoka Ufaransa, na Abduh hakutaka kuhukumu kwa sheria asiyoweza kuisoma. Akiwa amevuka miaka 40, mwenye kilemba na jina kubwa, alianza kujifunza alfabeti ya Kifaransa kama mtoto. Aliendelea hadi akaweza kusoma vitabu vya falsafa na elimu kwa lugha hiyo.

Ndani ya Al-Azhar

Tawfiq alifariki mwaka 1892, na mwanawe Abbas Hilmi akatawala. Mwaka 1895 liliundwa baraza la kuisimamia Al-Azhar, na Abduh akawa mjumbe wake mwenye bidii kuliko wote. Alipata alichokitamani tangu ujana: nafasi ya kuirekebisha shule iliyokaribia kumnyima shahada.

Alianza na mambo ya tumbo na mwili. Mishahara ya masheikh, ambayo mingine haikutosha hata mkate, ilipangiwa kanuni. Wanafunzi wakapatiwa daktari na dawa. Mabweni, maji na taa vikaboreshwa. Alijua kwamba mwenye njaa na homa hasomi Ibn Sina.

Kisha akageukia vitabu. Hazina ya Al-Azhar ilikuwa imetawanyika kwenye mabweni na vyumba vya msikiti. Nakala za maandishi ya mkono zililiwa na wadudu, kurasa zikachanwa, na nyingine zikauzwa kwa wafanyabiashara wa Ulaya. Mwaka 1897, kwa ushauri wake, zilikusanywa pamoja, zikaorodheshwa, na maktaba ya Al-Azhar ikaanzishwa. Wanafunzi wa leo wanaofungua nakala hizo wanapaswa kumkumbuka.

Kanuni mpya ziliweka mitihani na ratiba ya mwaka, zikaongeza hesabu, aljebra, jiometri, historia ya Uislamu na jiografia. Pia zilizuia hashia zisisomeshwe katika miaka minne ya mwanzo. Kijana wa Tanta alikuwa amelipa deni lake.

Yeye mwenyewe alifundisha. Katika mantiki alichagua kitabu cha al-Sawi cha karne ya 12, alichokigundua katika nakala ya mkono huko Beirut, akakichapisha mwaka 1898. Katika balagha, yaani elimu ya uzuri wa maneno, aliwaacha waandishi wa muhtasari na kuwarudisha wanafunzi kwa Abd al-Qahir al-Jurjani wa karne ya 11.

Uchaguzi huo unaeleza falsafa yake yote ya kufundisha. Vitabu vya balagha vilivyotumika Al-Azhar vilikuwa orodha ya majina: aina hii ya tashbihi inaitwa hivi, aina ile ya istiara inaitwa vile. Mwanafunzi aliweza kuyataja majina yote na asiweze kutunga barua moja nzuri. Al-Jurjani alikuwa tofauti. Alichukua ubeti au aya, akahamisha neno moja kutoka mahali pake, akamwuliza msomaji kwa nini uzuri umepotea. Kwake uzuri haumo katika neno peke yake, bali katika namna maneno yanavyoshikana ili kubeba maana. Abduh alitafuta nakala za vitabu viwili vya al-Jurjani, akaagiza nyingine kutoka miji mingine ya Kiarabu ili azilinganishe, akavisomesha, na vikachapishwa. Mwaka 1900 akashiriki kuunda jumuiya ya kufufua vitabu vya Kiarabu, iliyochapisha kamusi kubwa ya Ibn Sida katika juzuu 17.

Wengi humwita mwana mageuzi, nao hudhani kwamba mageuzi ni kuacha ya zamani. Kazi yake Al-Azhar ilikuwa kinyume cha hapo. Aliwaambia masheikh kwamba wanachokiita cha zamani si cha zamani vya kutosha. Wao walishikilia vitabu vya karne za mwisho za usingizi. Yeye aliwataka waende kwa waandishi wenyewe, waliofikiri, wakakosea na wakapatia.

Darsa yake iliyojaza watu zaidi ilikuwa ya tafsiri ya Qur'ani, aliyoitoa jioni kuanzia mwaka 1899. Mwanafunzi wake kutoka upande wa Syria, Rashid Rida, aliyeanzisha jarida la al-Manar mwaka 1898, aliandika alichosikia na kukichapisha. Hivyo darsa ya Al-Azhar ikawa inasafiri kwa posta.

Ibn Rushd, Sicily na swali la picha

Juni 1899 aliteuliwa Mufti wa Misri. Barua za maswali zilimjia kutoka mbali. Mwaka 1903 lilikuja swali kutoka Transvaal, Afrika Kusini, ambako Waislamu wachache waliishi katikati ya Wakristo. Waliuliza kama wanaweza kuvaa kofia za Kizungu katika shughuli zao, kula nyama iliyochinjwa na Wakristo wa huko, na kama Mshafi anaweza kusali nyuma ya Mhanafi. Aliwaruhusu. Magazeti ya Cairo yalimshambulia kwa wiki nyingi, baadhi yakichochewa na watu wa ikulu ya Khedive, ambaye alikuwa ameshakosana naye.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameingia katika mjadala mwingine. Farah Antun, mwandishi Mkristo kutoka Lebanon aliyeishi Misri, aliandika juu ya Ibn Rushd akifuata maoni ya Mfaransa Renan, na kudai kwamba Ukristo uliivumilia elimu kuliko Uislamu. Abduh alijibu mfululizo katika al-Manar. Alitaja wanafalsafa na matabibu waliolelewa katika miji ya Kiislamu, wakiwemo wasio Waislamu. Lakini hakuishia kujisifu. Aliandika kwa kirefu kuhusu ugonjwa wa kuganda, jinsi ulivyoingia katika lugha, katika sharia na katika itikadi. Alikiri kwamba Waislamu wa wakati wake walimpa Antun sababu ya kusema aliyoyasema.

Mwaka 1903 alisafiri Ulaya. Mjini Brighton, Uingereza, alimtembelea mwanafalsafa Herbert Spencer, mzee aliyekuwa amebakiwa na miezi michache tu ya kuishi, wakazungumza kuhusu Mungu na kuhusu kupungua kwa maadili katika Ulaya ya mabavu. Safari hiyo ilimfikisha pia Tunisia, Algeria na kisiwa cha Sicily, kilichowahi kuwa chini ya utawala wa Waislamu.

Huko Sicily aliona jinsi watu wanavyotunza picha na masanamu ya kale. Alipoandika kuhusu safari hiyo katika al-Manar, aliligusa swali ambalo mufti wengi walilikwepa. Alifananisha uchoraji na ushairi: mmoja huonwa, mwingine husikika, na vyote viwili huhifadhi hali za binadamu, hofu yake, furaha yake na huzuni yake. Kuhusu hadithi zinazowaonya watengeneza picha, aliona kwamba zilielekezwa kwa watu wa zama za kuabudu masanamu, na kwamba palipoondoka ibada hiyo na likabaki lengo la kuelimisha, hukumu haiwi ile ile. Kisha aligeuza lawama kwa watu wake. Wenzetu wanatunza hata mchoro wa fundi wa zamani, na sisi tumeshindwa kutunza vitabu vya wanazuoni wetu.

Wengi hawakukubaliana naye kuhusu masanamu, na wapo wasiokubaliana naye hata sasa. Hata hivyo Desemba 1903 Cairo ilifungua jengo jipya la makumbusho ya sanaa za Kiarabu mtaa wa Bab al-Khalq, na mwaka 1908 ikapata shule yake ya sanaa za uchoraji na uchongaji. Vijana wa Kiislamu walioingia shule hiyo walikuwa na mufti wa kumtaja nyumbani walipoulizwa.

Kujiuzulu na kifo

Upinzani ndani ya Al-Azhar haukulala. Masheikh waliona jiografia inakula saa za fiqhi. Khedive aliona mtu asiyemtii, hasa katika mambo ya wakfu. Machi 1905 Abduh alijiuzulu kutoka baraza. Kazi ya miaka kumi ilikwama, na baadhi ya masomo mapya yakabaki jina.

Wakati huo saratani ilikuwa imeshamshika. Alipanga safari ya Ulaya kutafuta tiba, lakini alifika Alexandria tu. Alifariki huko tarehe 11 Julai 1905, akiwa na miaka 56 hivi, na akazikwa Cairo. Tafsiri yake ilikuwa imefika sura ya nne, Suratun Nisaa. Rashid Rida aliiendeleza.

Aliyoyaacha

Kama angehukumiwa mwaka ule, angehesabiwa mtu aliyeshindwa. Lakini kati ya vijana waliokaa mbele yake alikuwemo Mustafa Abd al-Raziq. Huyu alisoma Ufaransa, akarudi, na kuanzia mwaka 1927 akafundisha falsafa ya Kiislamu katika chuo kikuu cha Cairo. Mwaka 1944 alitoa kitabu cha utangulizi wa historia ya falsafa hiyo, na mwaka 1945 akateuliwa Sheikh wa Al-Azhar. Aliyefundisha falsafa sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkuu wa msikiti ule ule.

Upande wetu wa pwani, al-Manar ilisomwa Zanzibar na Mombasa. Miongoni mwa wasomaji wake alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na kusoma kwa wanazuoni wa Mombasa na Unguja. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliandika pia vitabu vya dini kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi waliona elimu haiandikwi ila kwa Kiarabu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hadi alipofariki mwaka 1947. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, ndiye aliyeipa Afrika Mashariki tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili inayosomwa kutoka Lamu hadi Bujumbura.

Hawa hawakukubaliana na Abduh katika kila jambo, wala hawakuwa na haja. Walichokichukua kwake ni kile alichokichukua yeye kwa Sheikh Darwish, kwamba elimu ielezwe kwa lugha anayoielewa msikilizaji.

Swali hilo bado lipo katika madrasa na vyuo vyetu. Kijana wa Kampala au wa Tanga anaweza leo kupakua kwenye simu yake vitabu vingi vya kale kwa usiku mmoja, vingi kuliko alivyowahi kuviona Abduh akiwa mwanafunzi. Ibn Sina na al-Jurjani wamo humo. Anachokikosa mara nyingi ni mtu wa kukaa naye, kusoma mistari michache, kumweleza maana yake, na kumwacha aende akacheze hadi kesho.